Mkojo haupiti: anza na mpira kabla ya kukimbilia dawa

Mzee ametoka hospitalini akiwa na mpira wa mkojo, yaani katheta. Siku ya kumi mkojo unanuka, una ukungu, na suruali imelowa ingawa mpira upo. Mtu wa nyumbani anashuka ngazi hadi duka la dawa la ghorofa ya chini, anaeleza kwamba mzee ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anarudi na siprofloksasini, dawa ya kuua vijidudu, ya siku tano. Hayo hutokea mtaa wa kawaida wa Nairobi kama Umoja na hutokea mtaa wa matajiri kama Lavington, na yanasikitisha kwa sababu mara nyingi kilichoharibika hapo si mkojo bali njia yake. Mpira umekunjwa chini ya paja, choo kigumu kimeubana kwa ndani, mfuko umening'inizwa juu kuliko kibofu, au tundu la ndani limezibwa na kitu kama chokaa. Vidonge haviondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wanaomhudumia mgonjwa nyumbani hawajawahi kuuona mpira mzima. Wameuona tu ule mkia unaotokeza nje. Mpira wa kawaida huitwa Foley, jina la daktari wa Marekani, Frederic Foley. Ndani yake kuna mifereji miwili: mmoja mpana wa kupitisha mkojo, mwingine mwembamba sana wa kupeleka maji kwenye puto lililo karibu na ncha. Puto likijaa ndilo linalozuia mpira kuchomoka. Kwenye mkia, karibu na vali ya rangi, pamechapishwa unene na ujazo wa puto. Unene hupimwa kwa Fr (kifupi cha French), na kila Fr 1 ni theluthi moja ya milimita, kwa hiyo namba 16 ina kipenyo cha zaidi kidogo ya milimita 5. Rangi nayo hufuata unene: 12 nyeupe, 14 kijani, 16 ya chungwa, 18 nyekundu. Mwanamke mzima humtosha 12 au 14, mwanamume 14 au 16. Minene zaidi ni ya mkojo wenye mabonge ya damu, au baada ya upasuaji.

Ujazo wa puto ndio unaosahaulika. Kwa matumizi ya kawaida ni ml 10. Ipo pia mipira iliyoandikwa ml 30, iliyokusudiwa hasa waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume ili puto ligandamize panapovuja damu. Ukitumwa kununua mpira, soma kabla ya kulipa, na ukikuta ml 30 bila daktari kuuomba, badilisha. Puto kubwa ni zito. Hukaa kwenye mlango wa kibofu na kuusugua mpaka kibofu kinajikaza chenyewe, na kwa kuwa matundu ya mpira yako juu ya puto, mkojo ulio chini ya matundu hayo haushuki. Unabaki pale ukilea vijidudu. Puto hujazwa maji yaliyotakaswa, si hewa wala maji ya chumvi. Lenye hewa huelea juu ya mkojo, na chumvi inaweza kuganda kwenye ule mfereji mwembamba, hata siku ya kuutoa mpira maji yakatae kurudi.

Sasa habari ya vijidudu. Kila siku mpira unapokaa ndani, uwezekano wa mkojo kuanza kuwa na vijidudu ni kama asilimia 3 hadi 7, na ukitimiza mwezi karibu kila mwenye mpira anavyo. Hutambaa juu ya mpira na kujijengea utando laini, unateleza kama ule wa ndani ya mtungi wa maji uliokaa wiki mbili bila kusuguliwa. Kwa hiyo ukipeleka mkojo wa mzee maabara, majibu yatasema vijidudu vipo. Yangesema hivyo hata kama mzee yuko nje anacheza bao. Vijidudu vilivyotulia kwenye kibofu cha mtu asiye na dalili havitibiwi, isipokuwa kwa mama mjamzito au kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo unaotarajiwa kutoa damu. Ukivitibu, vile dhaifu hufa, vile sugu hubaki, na siku mzee akipata homa ya kweli, dawa uliyoizoea haifanyi kazi.

Harufu kali peke yake si maambukizi. Mkojo wenye ukungu peke yake si maambukizi. Mfuko uliogeuka zambarau, jambo linalowatisha watu kupita kiasi, hutokana na vijidudu kuvunja kitu kinachotoka kwenye chakula tumboni, hasa kwa mgonjwa mwenye choo kigumu. Rangi yenyewe haimdhuru, ila ni ishara kwamba tumbo lishughulikiwe. Kinachohitaji matibabu ni mtu mwenye dalili: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, maumivu chini ya kitovu au ubavuni penye figo, kuchanganyikiwa ghafla kwa mzee ambaye jana alikuwa anawataja wajukuu wake kwa majina. Mkojo wenye damu mpya pamoja na homa, nao usisubiri asubuhi.

Na sampuli ikichukuliwa, ichukuliwe vizuri, la sivyo ni pesa zimetupwa. Mkojo wa kwenye mfuko haufai kabisa. Umekaa saa nyingi, vijidudu vimezaana humo. Sampuli huvutwa kwa bomba la sindano kupitia kidirisha chake kilicho kwenye mrija wa mfuko, baada ya kukipangusa kwa spiriti na kuiacha ikauke. Mpira ukiwa umekaa zaidi ya wiki mbili, kwanza uondolewe, uwekwe mpya, sampuli itoke kwenye mpya. Sababu ni ule utando: mpira wa zamani hutoa majibu ya wakazi wa mpira, si ya wanaoishambulia nyama ya kibofu. Kubadilisha mpira pia ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa dawa haipenyi vizuri kwenye utando. Mgonjwa anayepewa dawa nzuri juu ya mpira uleule wa mwezi mzima hupata nafuu ya siku chache, kisha homa inarudi. Nitrofurantoini, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni dawa ya zamani na vijidudu vingi bado vinaisikia, hufanya kazi ndani ya kibofu tu. Haifiki kwenye nyama ya figo kwa kiwango kinachotosha, na kwa mwenye figo zilizochoka haifai. Mwenye homa na maumivu ya ubavu asipewe hiyo.

Turudi kwenye suruali iliyolowa. Mkojo unapovuja pembeni ya mpira, wazo la kwanza la wengi ni kwamba mpira ni mwembamba, wauongeze unene. Karibu kila mara ni kosa. Mkojo unavuja pembeni kwa sababu umekosa njia katikati, au kwa sababu kibofu kinajikaza kwa hasira na kuusukuma. Mpira mnene zaidi hukiongezea hasira.

Fanya hivi. Simama kando ya kitanda, washa taa, funua shuka, na ufuate mrija kwa kidole kuanzia mfukoni kwenda juu. Je, mfuko umejaa? Uliojaa hadi juu haupokei. Je, uko chini ya kibofu? Je, mrija umelala sakafuni ukajikunja kama herufi U, mkojo ukasimama kwenye bonde lake? Mkojo uliosimama hapo huzuia ulio juu kushuka, kwa hiyo unyooshe uwe na mteremko mmoja hadi mfukoni. Endelea: paja limeukalia? Mshipi wa suruali au wa nepi umeubana? Ukifika mwilini bila kuona kasoro, mgeuze mgonjwa ubavu mwingine, au mketishe, maana mara nyingine tundu limegusa ukuta wa kibofu na kujifunika. Kisha uliza lini alikwenda haja kubwa. Siku nne za choo kigumu zinatosha kuubana mpira kutoka nyuma. Ugali na nyama kila siku kwa mtu asiyetembea ni njia ya moja kwa moja ya kufika hapo. Papai, sukuma wiki, ndengu na maji ya kutosha husaidia kuliko wengi wanavyodhani, na dawa ya kulainisha choo ipo ikishindikana.

Ukimaliza hayo yote na baada ya nusu saa hakuna tone, na chini ya kitovu pamevimba au panauma, mpira umeziba. Usisukume maji kwa nguvu na bomba la sindano. Mpira huo ni wa kubadilishwa na mtu aliyefunzwa, siku hiyohiyo.

Kinachoziba mara nyingi ni chokaa. Kuna vijidudu, hasa Proteus mirabilis, vinavyovunja yurea ya mkojo na kutoa amonia. Amonia huupotezea mkojo ukali wake wa asidi, na madini yaliyokuwa yameyeyuka yanaganda kwenye matundu na juu ya puto. Muuguzi akiutoa mpira, mwombe avae glavu na aibiringishe ncha yake kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikikwaruza kama mchanga wa Machakos, umepata jibu, na tarehe nayo umeipata: mpira uliowekwa siku 25 zilizopita ukaziba leo, ujao ubadilishwe siku ya 20 bila kusubiri uzibe. Andika hilo. Wagonjwa wanaoziba huziba kwa mwendo wao, kila mmoja na siku zake, na mtu akiweka kumbukumbu ya mipira mitatu mfululizo anaujua mwendo huo. Anayeziba kila wiki licha ya hayo apimwe kama ana jiwe kibofuni.

Kuosha kibofu kila siku kwa maji ya chumvi ili kuzuia maambukizi hakuzuii. Kila unapotenganisha mpira na mfuko unafungua mlango uliokuwa umefungwa. Kiungo hicho kiguswe siku ya kubadilisha mfuko tu, yaani kila siku 5 hadi 7, au kabla ya hapo ukichafuka au kuvuja. Usiku, mgonjwa mwenye mfuko wa mguuni, wa ml 500 au 750, haondolewi mfuko huo. Ule mkubwa wa lita 2 huunganishwa kwenye koki ya chini ya mfuko wa mguuni, koki ikaachwa wazi.

Usafi wa kila siku ni maji na sabuni ya kawaida, mara moja au mbili, na kila baada ya haja kubwa. Basi. Dawa za kuua viini, spiriti na poda huunguza ngozi laini ya pale bila faida. Mafuta mazito ya kujipaka yaachwe, kwani huozesha mpira wa lateksi. Mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Mpira wenyewe upanguswe kutoka mwilini kwenda nje, sentimita 10 hivi, huku umeshikwa kwa mkono mwingine usivutike. Kwa mwanamume ambaye hajatahiriwa, govi huvutwa nyuma, husafishwa, kisha LAZIMA lirudishwe mbele. Likiachwa nyuma, kichwa cha uume huvimba ndani ya saa chache, govi linageuka kitanzi, na hiyo ni dharura ya hospitali. Inatokea kila mahali mtu anapoharakisha.

Najua maji mtaani hayaji kila siku. Mgonjwa awe na mtungi wake wa lita 5 wenye kifuniko, usiochotwa kwa kikombe cha kila mtu. Maji ya kuoga yanatosha, si lazima yachemshwe. Maji yakiwa kidogo, anza na mikono yako. Mikono ya mhudumu ndiyo inayobeba vijidudu vya nyumba nzima hadi kwenye koki ya mfuko.

Koki ifunguliwe mfuko ukifika theluthi mbili, mchana kila saa 4 hadi 8. Mgonjwa awe na jagi lake mwenyewe, lenye alama za ml, ambalo halipimi kitu kingine chochote. Ncha ya koki isiguse jagi. Funga, pangusa ncha kwa kitambaa safi cha karatasi, nawa. Mfuko usilale sakafuni. Kama hauna pa kuning'inia, uweke ndani ya beseni safi. Penye shida kubwa ni kwa mgonjwa anayelala godoro chini, maana hapo mfuko hauna mahali pa chini kuliko kibofu. Inua godoro. Kreti za soda zilizopinduliwa na mbao juu yake zimefanya kazi hiyo katika nyumba nyingi.

Kuufunga mpira mguuni si urembo. Mpira usiofungwa huvutwa kila mtu anapogeuka, puto husugua mlango wa kibofu, na kwa mwanamume mpira huo huweza kukata polepole sehemu ya chini ya uume mpaka ukapasuka. Plasta pana kwenye paja, au kwa mwanamume juu ya paja au chini ya tumbo, ukiacha mkunjo mdogo wa ziada ili mguu ukinyooka mpira usivutike. Badilisha mguu kila siku mbili tatu ngozi ipumue.

Safari za kliniki zinastahili maneno yake. Ndani ya matatu, watu huona haya, wanaficha mfuko ndani ya kiondo na kukipakata mapajani. Hapo mfuko uko sawa na kibofu au juu yake, na kila gari likiruka tuta, mkojo wa zamani unarudi ndani, hasa kama vali ya mfuko ya kuzuia mkojo kurudi ni hafifu. Mfuko wa mguuni chini ya suruali pana au dera hutatua hilo. Umwage kabla ya kuondoka, kwa sababu Thika Road haina ahadi. Mgonjwa anayebebwa ngazi kutoka ghorofa ya nne asiwekewe mfuko tumboni: umwage kwanza, mtu mmoja kazi yake iwe kuubeba chini ya nyonga tu. Na anayehamishwa kutoka kitandani kwenda kiti cha magurudumu, mfuko ndio unaotangulia. Ukisahaulika kwenye kitanda, mpira huchomoka na puto likiwa limejaa, na damu itakayofuata hutaisahau.

Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku huusaidia mpira kuliko chochote kingine, chai na uji zikihesabiwa. Isipokuwa mwenye moyo au figo zilizoshindwa, ambaye daktari amempangia kiasi chake. Kibofu chenye maji mengi yanayopita hakigandishi madini haraka. Mtu wa kilo 60 anapaswa kutoa angalau ml 30 kwa saa. Ukipima jagi ukapata ml 200 tangu asubuhi hadi magharibi, na mpira umeuhakikisha uko wazi, mgonjwa amekaukiwa au figo zina shida.

Mpira wa lateksi uliopakwa silikoni hukaa hadi wiki 4, wa silikoni tupu hadi wiki 12, kama hautaziba kabla. Anayekuja kuuweka nyumbani, mtazame bila kumwonea aibu. Kwa mwanamume, jeli ya ganzi ml 10 iingizwe na isubiriwe dakika 3 hadi 5. Wanaoruka dakika hizo ndio wanaomfanya mzee auogope mpira maisha yake yote. Mpira uingie wote hadi kwenye tawi la Y, pale mkia unapogawanyika, kabla ya puto kujazwa, hata kama mkojo umeshaanza kutoka mapema, maana mkojo hutoka wakati puto bado liko ndani ya tezi dume. Likijazwa hapo, linapasua. Mgonjwa akilia wakati maji yanaingia, simamisha, toa maji, songeza mpira ndani zaidi. Wakati wa kuutoa, maji ya puto yaachwe yarudi yenyewe kwenye bomba la sindano. Kuyavuta kwa nguvu hukunja mfereji. Yakikataa kabisa, usikate mpira. Peleka hospitali.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo, wa aina wanaotibiwa pale hospitali ya majeraha ya uti wa mgongo ya Lenana Road, Nairobi, kuna hatari moja isiyo ya wengine. Jeraha likiwa usawa wa kifua juu, kwenye T6 (pingili ya sita ya kifua) au juu zaidi ya hapo, mpira kuziba tu kunaweza kumpandisha presha ghafla: kichwa kinapasuka, uso unawaka na kutokwa jasho juu ya jeraha. Mketishe wima papo hapo, legeza nguo, tafuta kilichoziba. Hilo linaua, na dawa yake ya kwanza ni mkojo kutoka.

Kila kliniki, uliza kama mpira bado unahitajika. Aliyewekewa kwa sababu tezi dume lilimziba ghafla anaweza kupewa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo penye tezi, siku mbili tatu, kisha mpira ukatolewa asubuhi, si jioni, ili akishindwa kukojoa kliniki iwe bado wazi. Wanaoweza kutumia mikono yao wanaweza kufunzwa kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba mara 4 hadi 6 kwa siku, kila mara mkojo usizidi ml 500. Hawa hupata maambukizi machache kuliko wenye mpira wa kudumu, na wanarudi kazini.

Mpira ukichomoka wenyewe usiurudishe. Kama ni ule uliopitishwa kwenye ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwani tundu lake huanza kujifunga ndani ya saa chache. Nenda na kadi yenye tarehe ya kuwekwa, namba, aina na ml za puto. Mpira uliochomoka nao ubebe, ndani ya chombo chenye kifuniko, daktari atazame kama puto lote limetoka au kipande kimebaki kibofuni.